Viti 240, Mahudhurio Matatu

Jumapili, Juni 8

Pentekoste. Wenzangu wameshukiwa na Roho Mtakatifu. Mie nimeshukiwa na tangazo.

Baada ya misa jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna ikakusanyika nje, pembeni ya tangi la maji. Mwalimu Kamugisha akatoa karatasi. Huyu ndiye mwenyekiti wetu hapa Gongo la Mboto. Mwalimu wa sekondari, Mhaya, tangazo hasomi, analitolea mhadhara. Kasema Komunyo ya Kwanza ni Jumapili ya tarehe 22. Kasema kila mtoto lazima awe na barua ya jumuiya. Kasema barua itatolewa kwa familia iliyohudhuria sala za Jumamosi angalau nusu ya mwaka. Familia isiyofika nusu, mtoto atasubiri mwakani. Hapo akavua miwani akaniangalia. Watu arobaini wamesimama pale, kaniangalia mie!

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Mwaka mzima nimehudhuria mara tatu. Mara ya kwanza mvua ilinikuta njiani nikajibanza. Mara ya pili walisali nyumba inayopakana na stoo yangu, wakaziba geti, nisingetoa hata kiti kimoja mpaka Amina ya mwisho. Mara ya tatu nilidhani ni kikao cha ulinzi shirikishi.

Si uvivu! Sala ni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Na Jumamosi ndiyo siku ya harusi, na mie ni mtu wa viti. Nilikuja Dar kutoka Masasi na begi moja. Nikaanza na viti kumi na viwili vya kuazima. Leo ninavyo mia mbili na arobaini, vyeupe, kila kimoja kina namba kwa chini, V1 mpaka V240. Sikushikwa mkono na mtu. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri mie na Twalib, dereva wa kirikuu, kigari changu cha mizigo, tuko barabarani tayari. Binti yangu Sesilia namwacha kwa jirani, Yuliana, mpaka nirudi. Ndivyo tunavyoishi miaka mitano sasa, tangu mama yake ahamie Mwanza na maisha yake. Kila Jumamosi mtoto yuko kwa Yuliana, salama salimini. Baba gani mwingine mtaa huu ana mpango kama huo?

Ila Yuliana huyohuyo ndiye katibu wa jumuiya. Daftari la mahudhurio liko kabatini kwake. Hiyo ndiyo ishu.

Sesi ana miaka kumi. Mafundisho kaenda miaka miwili bila kukosa. Sala zote kichwani, hata zile ndefu ambazo mie huzipitia kwa kuchezesha midomo. Jioni nimemkuta uani kapanga viti vyangu safu mbili. Anapita katikati polepole, viganja vimekutana, akifika mwisho anafungua mdomo na kujiwekea kipande cha chapati ulimini. Kafanya hivyo mara kumi na moja. Nilihesabu.

Kaniuliza kama nimesikia tangazo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake yupo. Akataka kusema na kitu kingine. Nikamwambia asubiri, nahesabu viti vya kesho.

Jumatatu, Juni 9

Hesabu haina huruma. Tangu Julai mwaka jana, Jumamosi za sala ni 48. Mie 3. Asilimia sita na robo. Zinatakiwa 24, pungufu 21. Kabla ya barua imebaki Jumamosi moja. Hata nikihudhuria kwa miguu yote miwili na kila mguu uhesabiwe peke yake, sifiki.

Kosa la baba, adhabu ya mtoto. Haki iko wapi? Nina hakika Biblia inakataza mahali fulani, ila sijui ukurasa.

Mpango wa kwanza: kuliona daftari. Pengine Yuliana kanikadiria. Asubuhi huwa anakaanga vitumbua barazani kwake. Nikaenda, nikaagiza sita, nikausifia moto, halafu nikasema moto wenyewe unataka kufa. Akaenda nyuma kuleta mkaa. Mie ndani! Kabatini! Daftari lina jalada la maua. Majina yamepangwa kwa alfabeti. Albano 38. Kamugisha 41, bila shaka, yeye ndiye anayejichagulia siku. Nikafunua, nikafunua. Mie ni Valerian, mie ni V, ukurasa wa mwisho. Maisha yangu yote hivyo hivyo. Shuleni wa mwisho kupewa daftari, chanjo wa mwisho kuchomwa, na sindano ikiwa imeshakuwa butu.

Nilikuwa kwenye S Yuliana aliposimama mlangoni na koleo la mkaa. Kauliza natafuta nini. Nikasema kiberiti. Akalitazama jiko lake linavyowaka. Akanitazama mie. Kasema Baba Sesi, vitumbua vyako vinapoa. Halafu akaanza kucheka, akasema kama nina shida na daftari si niulize tu, mdomo ninao. Nikamwambia mie sina shida na daftari lolote duniani.

Nimesahau na vitumbua. Sesi kaenda kuvichukua.

Jumatano, Juni 11

Leo nimepeleka hoja. Hoja nzito, nimeilalia siku mbili.

Nimemkuta Mwalimu Kamugisha akinyweshea migomba yake. Anayo sita uani, anaiita kwa majina. Nikampa shikamoo, ingawa kanizidi miaka minne tu, kisha nikafungua karatasi. Nikamwambia hivi: mwaka huu jumuiya imeazima viti vyangu mara 31. Misiba, ugeni wa paroko, ubatizo wa mapacha wa Albano. Kila mara viti 40, bure. Arobaini mara thelathini na moja ni 1,240. Kila kiti kilibeba Mkristo aliyekuwa anasali. Basi viti vyangu vimehudhuria mara 1,240. Mie siombi yote. Tugawanye kwa hamsini kwa sababu kiti si mtu. Inatoka 24 na ushee. Nusu imefika!

Kanisikiliza mpaka mwisho, sikatai. Kauliza kama viti vilipiga magoti. Nikasema Mwalimu, ile ni plastiki, kikipiga magoti kinapasuka. Kauliza kama vilisema Amina. Nikaona hapa natafutwa. Kasema hesabu yangu ni safi, anatamani Kidato cha Pili wangekuwa nayo, ila sala hazigawanywi kwa hamsini.

Halafu akaweka ndoo chini. Kasema, Bwana Valerian, kuna jambo lako nataka kukuambia tangu mwezi wa tano, nawe unanikwepa.

Hukumu hiyo! Nikasema simu inaita. Ilikuwa haiiti. Nimeondoka nikiongea nayo mpaka njia panda.

Alhamisi, Juni 12

Kifurushi kimefika kwa basi la Mwanza. Viatu vyeupe vya Komunyo, vina kipepeo mbele, kutoka kwa mama yake Sesi. Vizuri kwa kweli. Namba 33.

Sesi anavaa 36. Mama yake anaukumbuka mguu wa mwaka juzi.

Bahati Sesi alikuwa kwa Yuliana, anapimwa pindo la gauni. Nikawasha kirikuu mpaka Kariakoo. Maduka tisa. La tisa wanavyo vilevile, kipepeo kilekile, 36. Nikavitia kwenye boksi la Mwanza, karatasi zake laini nikazirudisha kama zilivyokuwa. Vile vya 33 nimevificha stoo, nyuma ya V200.

Sesi alipovijaribu karuka mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Kampigia mama yake simu, kamwambia, mama, vimenikaa kabisa, umejuaje? Nikatoka nje kidogo kuangalia turubai.

Mpango pekee wa wiki hii uliofanikiwa, nikajisemea. Kumbe boksi limeandikwa 33 ubavuni, tarakimu kubwa kama za jezi! Mie, mtu wa namba, sikuiona. Na Sesi alikaa na boksi lile mapajani saa nzima.

Boksi kaliweka juu ya kabati, tarakimu zimeelekea ukutani. Kisha kanitengenezea chai, kaweka sukari vijiko vitatu. Vijiko vitatu huwa ni siku yangu ya kuzaliwa tu.

Jumamosi, Juni 14

Jumamosi ya mwisho kabla ya barua. Na Sinza kuna harusi, viti 150, niliwaahidi tangu kabla ya Kwaresima.

Mtu mmoja hawezi kuwa Sinza na Gongo la Mboto kwa wakati mmoja. Lakini watu wawili wanaweza. Mpango wa pili: nimemtuma Twalib akaniwakilishe jumuiyani, kirikuu nikaendesha mwenyewe.

Twalib kaniuliza, bosi, mie Muislamu, itakuwaje? Nikamwambia hatakiwi kusali, anatakiwa kukaa na kutaja jina la nyumba yangu. Kauliza wakimpa somo asome? Nikasema aseme kasahau miwani. Alfajiri ananijia na kanzu, kanyooka, ananukia udi. Twalib, vua kanzu! Tukavutana. Akakubali shati, kofia akagoma kuivua, kasema kwenye nyumba ya ibada haendi kichwa wazi. Sesi nikamsukuma kwa Yuliana akiwa bado anapiga miayo, tukatawanyika.

Geti la ukumbi wa Sinza sasa lina mkwaruzo. Ni mdogo.

Nimerudi mchana, Twalib ananisubiri anang'aa. Kasema hajawahi kukaribishwa vile. Tafakari ilikuwa kuhusu kumpenda jirani, wakamwomba mgeni aseme mawili matatu. Kasema kwa dakika saba. Wakampigia makofi. Wakampa chai na mihogo ya nazi, wakamwambia Jumamosi ijayo asikose. Nikauliza, katibu kaandika nini? Kasema kaandika "Mgeni, 1."

Mgeni! Nikauliza kama hakutaja jina langu. Kasema kalitaja mara tatu, na kila mara walicheka zaidi, Albano mpaka kaegemea ukuta. Halafu akaanza kuniambia kitu kuhusu Sesi. Nikamnyamazisha kwa mkono, nilikuwa kiti cha mia na kumi na mbili.

Jumla: 149. V77 hakipo. Nani anaiba kiti cha plastiki harusini?

Jumanne, Juni 17

Mama kapiga simu kutoka Masasi. Ijumaa anapanda basi, Jumapili hataki kuikosa kwa lolote. Kasema kashawatangazia wanawake wote wa parokia yao kwamba mwanawe ni nguzo ya jumuiya huko Dar. Nani kamwambia? Mie. Kila Krismasi namwambia.

Sasa nina mama njiani, gauni limeshonwa, viatu vimepatikana, na asilimia sita.

Mpango wa tatu, na huu hauna tundu. Jumuiya ikisikia mtu anaumwa, inakwenda kusali nyumbani kwake. Ndiyo desturi, hata Kamugisha hawezi kuipinga. Na mtu hawezi kuwa mtoro nyumbani kwake mwenyewe! Nikiugua siku tatu, asubuhi na jioni, ni mahudhurio sita. Hayafiki 21, najua, lakini watu wakishamwona mtu kitandani, mioyo yao hukadiria.

Kuanzia saa tisa alasiri nimeanza kuumwa.

Jumatano, Juni 18

Nitaandika kwa kifupi, mkono unaona aibu.

Sesi jana kanikanda kichwa kwa kitambaa cha maji, kila mara anakigeuza. Kanipa panadoli mbili, nikazificha chini ya mto. Asubuhi kanikuta nagumia, nikawa nagumia vizuri mno, akatoka mbio mpaka kwa Yuliana. Kufikia saa nne walikuwa wamejaa. Watu kumi na saba, wamekalia V1 mpaka V17. Mayai, machungwa, uji wa ulezi. Kamugisha kaniombea dakika kumi na nne. Kaniombea kichwa, mgongo, biashara, ukoo wote wa Masasi. Nikawa naanza kujisikia vibaya kweli.

Geti likagongwa. Sauti ya mteja: anataka viti sabini na turubai moja, Jumamosi hii. Nikamsikia Sesi kwa heshima zote anamwambia shikamoo, baba anaumwa. Mteja akasema pole mwanangu, basi ngoja niende kwa yule wa Mzambarauni.

Sikumbuki kuinuka. Ninachokumbuka ni kwamba niko mlangoni, blanketi shingoni kama chifu, napiga kelele kwamba sabini vipo, turubai lipo, na lile la Mzambarauni linavuja!

Nikasikia kijiko kinadondoka.

Albano akapaza sauti: Aleluya! Wakaimba wimbo wa shukrani, beti zote tano, wengine wanaimba huku wanajifuta machozi ya kicheko. Kamugisha kavaa miwani, kavua, kavaa tena. Kasema ameshaona maombi yakijibiwa, lakini hajapata kuona mtu aliyefufuliwa na viti sabini. Yuliana akauchukua uji wake akaunywa mwenyewe, amesimama.

Mayai waliyaacha. Kumi na mawili.

Lakini Sesi hakucheka. Alikuwa nyuma ya pazia. Jioni tulikuwa tunachambua mchele. Ndipo kasema, bila kuniangalia, baba, usiniugulie tena kama huumwi. Kasema, hapa mie nina mmoja tu.

Nikachambua ule mchele mpaka ukaisha mawe na mengine ambayo hayakuwepo.

Alhamisi, Juni 19

Nimekusudia kumwambia. Sesi alikuwa anapiga pasi shela lake, pasi ya mkaa, anainyunyizia maji kama mtu mzima. Nikamuuliza, kwa mfano tu, kama kuna mtoto ambaye angesubiri Komunyo mpaka mwakani, mtoto huyo angejisikiaje. Kauliza mtoto gani. Nikasema mtoto wa mfano. Kafikiri. Kasema angelia kidogo. Halafu angemwelewa baba yake, kama baba yake huwa na kazi nyingi.

Nimetoka nikaenda stoo. Nimeviosha viti vyote, kasoro kile kilichoibwa. Mia mbili thelathini na tisa, kimoja kimoja, miguu na mgongo. Twalib kauliza kuna harusi ya nani. Nikamwambia asiongee na mie.

Ijumaa, Juni 20

Barazani kwa Yuliana. Wazazi kumi na mmoja. Kamugisha kashika muhuri, Yuliana daftari. Wanaita kwa alfabeti, kwa hiyo nimepata nafasi ya kufa taratibu. Albano 39, barua. Kamugisha kajiandikia mwenyewe, 42, kajigongea muhuri, kajipongeza. Wakaenda, wakaenda. Nimebaki mie.

Yuliana akafunua ukurasa wa mwisho. Akasoma: Familia ya Valerian, 44 kati ya 49.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Angepokea barua, akashukuru, akaenda zake. Mie nikaruka! Nikasema si kweli, ni tatu, siwezi kukosea namba, nilikuja mara tatu na sababu ninazo! Siku kumi na mbili za mipango, na aliyekuja kunishtaki ni mdomo wangu mwenyewe.

Yuliana kaniuliza nani amenitaja mie. Kasema daftari linahesabu nyumba, halihesabu ndevu. Akija mtu yeyote wa nyumba, nyumba imekuja. Halafu kauliza, Baba Sesi, Jumamosi alfajiri ukinisukumia mtoto mlangoni ukakimbilia harusi zako, unadhani mie naenda wapi saa kumi na mbili na nusu? Katibu wa jumuiya! Ulidhani namwacha mtoto wa watu hapa alinde karai la vitumbua?

Mwaka mzima. Sesi kahudhuria mara arobaini na nne. Kasoma masomo, kaanzisha nyimbo, kagawa chai. Kamugisha kasema nyumba yangu ina msalaji mmoja na viti mia mbili na arobaini, na msalaji ametosha.

Nikakivuta kiti cha karibu nikakaa. Kikatoa mlio ninaoujua. Nikainuka, nikakigeuza. V77! Yuliana kasema hicho ni cha Sesi, kila Jumamosi anakuja nacho kutoka stoo na kukirudisha kabla sijafika, ila wiki ile kilikaliwa na Twalib kikasahauliwa. Hakikuibwa. Hakikufika hata Sinza. Mara 44 kiti changu kimekwenda kusali! Hoja yangu ya Jumatano haikuwa ya kipuuzi, na nikamwambia Mwalimu ayaweke hayo kichwani.

Sijapata kupumua vile tangu Pentekoste. Hewa iliingia mpaka kwenye magoti. Nilimshika Yuliana mkono nikautikisa mpaka akaniambia mkono huo bado anauhitaji.

Nikamkumbusha Kamugisha, kwa upole, kwamba 44 ni nyingi kuliko 42. Nikamkumbusha mara mbili. Akatabasamu vibaya, akatoa barua ya pili. Lile jambo la tangu mwezi wa tano. Walifanya uchaguzi, mie sikuwepo, na asiyekuwepo ndiye huchaguliwa kwa sababu hawezi kukataa. Nyumba yangu ikiwa ya kwanza kwa mahudhurio, wakanipa cheo. Mimi ndiye Mhamasishaji wa Mahudhurio wa Jumuiya. Miaka mitatu.

Nyumbani nimemuuliza Sesi kwa nini hakuniambia. Kasema kaniambia. Kahesabu kwa vidole, vya mikono vikaisha. Kila mara, kasema, ulikuwa unahesabu.

Jumapili, Juni 22

Sikukuu ya Ekaristi. Mama kafika na korosho kilo tatu na kanga ya Sesi. Nywele zilikatwa jana, shada la maua likawa linateleza, tukalibana kwa pini nne. Uji ulimwagika, si kwenye gauni. Namshukuru Mungu kwa hilo peke yake.

Sesi alikuwa wa kumi na mbili kwenye mstari. Kapita katikati ya viti vyangu polepole, viganja vimekutana, viatu vya kipepeo havikumponyoka hata mara moja. Kafungua mdomo kama kwenye chapati. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

Ubani ulikuwa mwingi sana kanisani leo. Hata Twalib, aliyesimama mlangoni na kofia yake, macho yalimwasha.

Mama kawaambia watu wote tuliokutana nao kwamba nyumba ya mwanawe imeongoza jumuiya. Sikumpinga. Ni takwimu.

Jumamosi, Juni 28

Leo ilikuwa siku yangu ya kwanza kama Mhamasishaji. Kwa bahati mbaya kulikuwa na harusi Msasani, viti 200.

Lakini safari hii nilijipanga. Nimeandika hotuba, kurasa mbili, juu ya umuhimu wa kila mmoja kuja sala mwenyewe, kwa mwili wake, si kutuma watu. Nikampa Sesi akaisome. Twalib kaenda naye kumsindikiza, alishaalikwa kwa mihogo. Nasikia hotuba imewagusa sana. Albano kalia. Familia mbili za watoro zimeahidi kurudi. Yuliana kauliza Mhamasishaji mwenyewe yuko wapi. Sesi kajibu kwamba anahesabu, na nasikia hapo ndipo waliposhangilia zaidi.

Sasa nafikiria mbele. Kipaimara cha Sesi ni baada ya miaka mitatu. Jumamosi kama 150. Zinatakiwa 75. Kwa mwendo wake, Sesi atakuwa na 134. Ziada 59! Ziada hiyo ikae tu? Yule wa Mzambarauni, wa turubai linalovuja, naye ana mtoto wa mafundisho na nasikia hali yake ni mbaya kuliko ilivyokuwa yangu. Mahudhurio yakiweza kuhamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na kama Mhamasishaji ni mimi, naye akaniachia wateja wake wa Pugu Road...

Sesi yuko mlangoni, anatikisa kichwa, anataka kusema kitu. Nimemwambia asubiri kidogo. Nahesabu.